Lete Kiganja

Sogea karibu kidogo, msikilizaji wangu, na kama mikono yako ina unga au udongo, usijali. Mtu ninayetaka kukueleza hakuwahi kumdai yeyote mikono safi. Alidai mikono tu. Tulimwita Fundi. Mbeya ya miaka ile ya hamsini ilikuwa na mafundi wengine wa magari, tena wenye vibao mlangoni, lakini ukisema unalipeleka gari kwa Fundi, hakuna aliyekuuliza yupi.

Mimi nilikuwa dereva wa pikapu ya usharika wetu, kule Igowole. Kazi yangu ilikuwa kupita Ubaruku kupakia mchele, kuupandisha Mbeya kwa wamisheni, na kurudi na dawa, vitabu na salamu. Pikapu ile ilinilisha mimi, mke wangu na mama yangu. Nakuambia hili mapema ili baadaye, nikifika mahali ambapo nusura ninyang'anywe ufunguo, usidhani nilikuwa naogopa kupoteza starehe ya kupiga honi.

Gonjwa la pikapu lilikuwa kwenye giaboksi. Usishtuke na neno hilo. Mambo ya giaboksi yanaonekana magumu kwa sababu tu yako chini ya gari, mahali ambapo watu hawapendi kuinama. Ni sanduku la chuma nyuma ya injini. Ndani yake kuna magurudumu yenye meno yanayosukumana, na meno hayo yanaoga katika oili nzito. Oili ikiwa ya kutosha na ikiwa ya aina yake, sanduku linapata joto la kawaida, kama mtu aliyetembea. Oili ikipungua, meno yanasagana makavu, na sanduku linapata joto la mtu mwenye homa. Basi. Ukilielewa hilo umeshamfikia Fundi nusu ya njia.

Ile nusu nyingine aliijaza kwa maswali. Ukifika kwenye banda lake la mabati, yeye alikuwa ameketi juu ya kiti kilichong'olewa kwenye lori na kuwekwa juu ya matofali. Hakusimama. Alianza na salamu, na salamu zake zilikuwa na foleni.

"Umeamkaje?"

"Salama, Fundi."

"Mama yako?"

"Mzima."

"Mkeo? Ng'ombe?"

"Wote wazima."

"Haya. Na gari?"

Gari lilikuja baada ya ng'ombe siku zote, hata kama lilikuwa linafuka moshi nyuma yako. Kisha maswali yenyewe. Linachemka mlimani au tambarare? Likiwa na mzigo au tupu? Unapopanda unatia gia ya ngapi? Oili unaongeza kila siku ngapi, nayo unaiona ikidondoka wapi? Ulijibu ukiwa umesimama, na ukidanganya alijua, maana aliuliza swali lilelile tena mwishoni, kwa upole, kama mtu aliyesahau.

Mara ya kwanza alinikamata hivyo. Nilikuwa nimetia oili ya injini kwenye giaboksi kwa sababu ndiyo iliyokuwepo. Alikinusa kidole chake kilichotoka ndani ya tundu la kujazia, akanitazama.

"Umeinywesha nini hii? Ulanzi?"

"Oili, Fundi."

"Oili ya injini. Nyepesi mno. Ninyi watu wa Iringa mkizoea ulanzi wenu wa mianzi mnadhani kila kitu kinywe maji maji."

"Afadhali ulanzi," nikasema. "Ninyi Wanyakyusa mngetia ndizi."

Alicheka mpaka akakohoa. Utani wa kabila lake na wa kabila langu haukumkasirisha kamwe. Kilichomkasirisha ni haraka. Wakati fulani alikuja bwana mmoja aliyenunua gari kwa kuwa giaboksi yake ilikuwa kimya ajabu, haivumi hata kidogo. Sasa lilikuwa linawaka moto. Fundi akafungua nati ya chini, na badala ya oili ikamwagika uji mzito wa rangi ya kahawia. Muuzaji alikuwa amejaza unga wa mbao, ule unaobaki wakipasua magogo, ili meno yaliyochakaa yasipige kelele. Bwana yule alishika kichwa. Fundi akamuuliza taratibu, "Sasa ndugu yangu, ulitaka giaboksi au godoro?" Halafu akamsafishia sanduku lote kwa siku mbili, akimwimbia tenzi.

Hakuwa malaika, usije ukamtengenezea picha ya ukutani. Alituzomea sisi madereva kwa kutopaka grisi, lakini baiskeli yake mwenyewe ililia njia nzima kama mtoto wa nguruwe. Nilimwuliza mkewe, tuliyemwita Mama, kwa nini hamlazimishi kuipaka mafuta. Akasema yeye ndiye aliyemkataza. Akisikia kilio kule njiani anabandika maji, na mume anapofika chai iko tayari. Siku za Jumapili Fundi hakugusa spana, alikuwa mkali kwa hilo. Lakini baada ya ibada ungemkuta amelala chali chini ya gari la mtu, na suti yake, mikono ikiwa imekunjwa kifuani. "Natazama tu," alisema. "Kutazama si kazi."

Na chai hiyo. Aliinywa kwenye kikombe cha bati, ikiwa imetoka motoni muda huohuo. Sisi tulikuwa tukikishika kikombe kwa pindo la shati, tukipuliza, tukikihamisha mkono huu na huu. Yeye alikizungushia vidole vyote vitano na kuendelea na hadithi. Madereva walilipenda jambo hilo. Walisema mkono wa Fundi umezoea moto hadi moto unamwamkia.

Sasa nifike kwenye lile lililompa jina. Siku hizi unaweza kuwa na mshale kwenye dashibodi wa kukueleza joto. Sisi hatukuwa nao, na hata wachache waliokuwa nao, mshale uliwaeleza joto la maji ya injini tu. Fundi alipima joto la giaboksi kwa kiganja. Alikuonyesha mahali, kwenye tumbo la sanduku, mbali na bomba la moshi. Kisha alisema maneno mawili ambayo kila dereva wa njia ile aliyajua.

"Lete kiganja."

Kiganja chako, si chake. Ulilala chini, ukakibandika. Yeye alichuchumaa upande wa pili, kichwa kikiwa kimelala karibu na ardhi ili akuone, na kuhesabu polepole kwa Kinyakyusa. Ukifika kumi mkono ungali pale, gari ni zima. Ukiutoa kwenye tano, kuna ugonjwa unaoanza. Ukiutoa kwenye mbili, alisema, "Hapa hatuendi popote," na kurudi kwenye kiti chake kufikiri.

Tulilalamika, kwa kweli. Dereva mmoja wa lori la mbao kutoka upande wa Mafinga alimwambia mbele yetu, "Fundi gani anayeogopa kuungua kama bibi harusi?"

"Ni kweli, naogopa," Fundi akajibu. "Lete kiganja."

Dereva yuleyule alitaka kuonyesha kwamba lori lake ni zima, maana alikuwa na safari. Akabandika mkono na kuukaza. Fundi akahesabu hadi kumi, kama kawaida, kisha akasimama, akafungua nati moja ya gurudumu na kuitia mfukoni ili lori lisiondoke.

"Mbona nimefika kumi?" dereva akauliza, mkono ameuficha kwapani.

"Mkono umesema kumi. Uso umesema mbili. Mimi nimeuamini uso."

Sisi wote tulicheka. Hakuna aliyefikiri zaidi ya hapo.

Basi, pikapu yetu. Kulikuwa na mgeni mkubwa wa kanisa atakayetembelea Igowole, na usharika ukaamua gari lipakwe rangi, ileile ya kijani iliyobaki kwenye milango ya kanisa. Kazi ilisimamiwa na mzee wa kanisa wetu, mtu mwadilifu na mwenye bidii ya kutisha. Vijana wa kwaya walipopaka milango na bodi wakaona wamemaliza. Mzee akasema hapana, mgeni anaweza kuinama. Siku ya pili alitandika mkeka, akalala chini ya gari yeye mwenyewe na brashi, akapaka na chini. Gari likawa la kijani kuanzia juu hadi kwenye matumbo. Mgeni alifika, akalisifu, hakuinama, akaondoka.

Wiki chache baadaye giaboksi ikaanza kuchemka kila mlima. Oili ikawa inavuja, nami naongeza, inavuja tena. Klachi nayo ikaanza kuteleza. Mzee wa kanisa akaeleza mbele ya mchungaji kwamba sababu anaijua: dereva anapumzisha mguu juu ya klachi. Ni kosa la kweli hilo, linachosha klachi na kuichoma, na nakiri kwako kwamba mwaka wangu wa kwanza nililifanya, naye aliniona. Kosa la zamani lina tabia ya kukungojea. Mchungaji akaamua hivi: niende Mbeya na mzigo wa mchele kama kawaida, mzee aende nami. Kama gari litarudi likiwa bado linachemka, nikabidhi ufunguo. Kulikuwa na mpwa wa mzee huyohuyo aliyejifunza udereva Iringa mjini na alikuwa hana gari la kuendesha.

Tangu Igowole hadi Mbeya mzee alikaa kando yangu, ameinamisha kichwa, akiutazama mguu wangu wa kushoto kama mtu anayechunga kuku asiingie jikoni. Mguu ukafa ganzi kwa kutazamwa. Ninapokanyaga klachi, anaguna. Nisipokanyaga, anaguna pia. Tulipanda mlima wa Inyala kwa harufu ya oili inayoungua, na tulipofika kwa Fundi mzee alishuka kabla ya salamu.

"Huyu anaua gari la Mungu," akasema.

"Karibuni," Fundi akasema. "Umeamkaje, mzee? Nyumbani? Ng'ombe?"

Foleni ikaenda hadi mwisho. Maswali ya gari nilijibu mimi, na mzee akayajibu upya. Fundi akainama, akatazama chini ya pikapu kwa muda mrefu. Aliporudi juu hakusema alichokiona. Alisema tu kwamba gari likiwa limesimama halimwambii kitu, kwa hiyo turudi bondeni, tupande tena, na mchele wetu palepale nyuma.

"Tuteremke mpaka Igurusi, halafu turudi hapahapa?" mzee akauliza.

"Ndiyo, mzee wangu."

"Kwa faida ya nani?"

"Ya giaboksi."

Fundi alikataa kukaa mbele nasi. Alipanda juu ya magunia, akajifunga koti, na njia nzima nilimsikia akigonga vidole juu ya paa, anafuata mlio. Tuliteremka, tukageuza, tukapanda. Mguu wangu wa kushoto niliuweka sakafuni, mbali, uonekane. Mzee aliutazama bila kupepesa hadi juu ya mlima. Nilikuwa nikimwomba Mungu gari lisichemke, kisha nikimwomba lichemke ili ijulikane kuwa si mimi, na sikujua lipi ni ombi zuri. Juu kabisa Fundi akagonga paa mara mbili.

"Zima. Weka jiwe."

Nikaweka jiwe nyuma ya gurudumu, nikaanza kukunja mkono wa shati, maana nilijua utaratibu. Fundi akanipita.

"Mzee, lete kiganja."

"Mimi si dereva," mzee akasema.

"Kiganja hakina leseni."

Mzee alivua koti, akalikunja vizuri, akalala chini. Fundi akamwonyesha mahali, akachuchumaa upande wa pili, akamtazama usoni, akaanza kuhesabu. Hakufika tatu. Mzee alivuta mkono na kusema "Yesu wangu" kwa sauti ya chini sana, ya mtu anayeomba kweli.

"Umeona mguu wa dereva njiani?" Fundi akamwuliza.

"Niliutazama."

"Ulikuwa wapi?"

Mzee akapuliza kiganja. Alikuwa mwadilifu, nimekuambia. "Sakafuni," akasema. "Njia nzima."

Fundi akafungua mlango, akang'oa bati la sakafuni, na pale chini, juu ya mgongo wa giaboksi, tukakiona kile alichokuwa amekishuku tangu mapema. Nisikilize hapa, ndipo penyewe. Sanduku la gia lina tundu dogo juu, lenye kofia ndogo ya chuma. Ni pua yake. Gari likienda, hewa ya ndani inapata joto na kufura, na inatokea hapo. Ukiliziba tundu hilo, hewa inatafuta njia nyingine, na njia nyingine ni pembeni mwa shafti, kile chuma kinachozunguka, ambako inaisukuma oili nje. Ni kama sufuria ya viazi uliyoifunika na kuwekea jiwe juu ya kifuniko, lazima pamwagike mahali. Oili inayotoka mbele inalowesha klachi, klachi inateleza. Inayobaki ndani haitoshi, meno yanasagana, joto linapanda, hewa inafura zaidi, oili inatoka zaidi. Unaongeza oili kila siku na kila siku unafukuzana na kitu kilekile.

Pua ya pikapu yetu ilikuwa ya kijani. Kofia na tundu vilikuwa vimeshikana chini ya rangi, laini, inang'aa.

Fundi akatoa mfukoni kipande cha spoku ya baiskeli, akafunika tambara juu, akampa mzee. "Kwangua hapo pembeni. Geuza uso." Mzee akakwangua. Ikatoka pumzi ndefu, fsssss, na matone ya oili yakalirukia tambara, pumzi iliyoendelea hata mzee akaacha kukwangua na kubaki ameishika spoku tu.

Nilimngoja Fundi aulize nani alipaka. Sikumwuliza mzee mimi, sikuthubutu. Fundi alipitisha kidole juu ya ile rangi.

"Kazi safi lakini," akasema. "Haina hata alama ya brashi."

"Nilipaka mara mbili," mzee akasema. Ikamtoka hivyohivyo, kwa fahari, kabla hajajisikia. "Hili bati nililiondoa mwenyewe."

Fundi akaviangalia vilele vya milima kwa makini sana. Mimi nikainama kufunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa.

Tulingoja sanduku lipoe, tukajaza oili hadi ikagusa ncha ya kidole kwenye tundu la pembeni, na Fundi akataka tuteremke tena. Safari hii mzee hakuuliza ni kwa faida ya nani. Juu ya mlima alilala chini kabla ya kuambiwa. Fundi akahesabu kumi, mkono ungali pale. Akahesabu mpaka kumi na tano kwa heshima. Klachi ilibidi ifunguliwe na kusafishwa kesho yake, ila huo ulikuwa usafi tu.

Tukiwa njiani kurudi nilimwuliza mzee, "Utamwambia nini mchungaji?" Tulikuwa tumeshapita Makambako ndipo akajibu.

"Kwamba kuna mahali hapapakwi rangi."

"Na ufunguo?"

"Ufunguo unao wewe. Simama, nipime."

Maana kila kilima alitaka nisimame apime. Tulichelewa siku nzima. Mpwa wake alipata kazi ya lori, na mzee akaisimulia habari ile kanisani yeye mwenyewe, akijitaja kwa jina.

Niliendesha pikapu ile miaka mingine mitano. Baadaye nikapewa vijana wa kufundisha, nami nikaona niende kumsalimia Fundi nimweleze. Alikuwa ameacha kazi, anakaa upande wa Uyole, analima viazi. Baiskeli ilikuwa imeegemezwa ukutani, ina kutu. Mama akaleta chai kwenye vikombe vyetu vya bati. Changu alikizungushia kitambaa, nikashukuru. Cha Fundi nacho alikizungushia kitambaa, kisha akasubiri mpaka mumewe akishike hapo kwenye kitambaa ndipo akaachia.

"Siku hizi umekuwa bwana mkubwa," nikamtania. "Moto haukuamkii tena?"

Mama ndiye aliyejibu. "Tangu umjue hajawahi kuusikia. Angalia hicho kiganja. Juzi kaokota sufuria, mpaka nasikia harufu ndipo najua."

Nilikiangalia. Kwa miaka yote nilikuwa nimekiona kimejaa oili. Sasa kilikuwa safi, na ngozi yake ilikuwa nyororo na inang'aa kama ya ngoma, haina hata mstari mmoja. Cha pili kilikuwa vilevile. Fundi akaeleza bila kuniangalia kwamba ilikuwa ni oili inayochemka, zamani, kabla hajanijua, alipofungua nati ya chini kwa haraka. Vidole vilibaki na nguvu. Joto halikurudi.

"Fundi wa kupima joto asiyesikia joto," akasema. "Nani angeniletea gari?"

"Lakini ulikuwa unapima."

"Nilikuwa naazima. Ninyi mlileta mikono, mimi nikawasoma nyuso. Wewe ukiungua unafumba jicho moja. Yule wa lori alikuwa anatabasamu." Akanywa chai. "Mzee wako wa kanisa alikuwa na uso mzuri kuliko wote. Haukuweza kusema uongo hata ukitaka. Ndiyo maana nilimlaza yeye chini, si wewe. Wewe ungefumba jicho, angesema unaigiza."

Nilikaa na kikombe changu. Nilikuwa nimetembea miaka mitano na ufunguo ule mfukoni nikidhani nimeokolewa na mkono wa mzee, kumbe ni uso wake.

"Niwaambie vijana wangu?"

"Nikiwa hai, usiwaambie. Wataniletea huruma, na mimi nina viazi vya kupalilia." Kisha akaongeza, "Ila ukiwafundisha, usiwaambie joto ni kiasi gani. Waambie waguse. Na wewe uwatazame usoni."

Sasa nakueleza wewe, maana viazi vile vinapaliliwa na wengine. Ukifika juu ya mlima na gari lako la mzigo, tafuta mahali tambarare, zima injini, weka jiwe nyuma ya gurudumu. Lala chini, jiepushe na bomba la moshi, gusa kwanza kwa ncha ya kidole, kisha bandika kiganja kwenye tumbo la giaboksi na uhesabu polepole. Ukifika kumi, endelea na safari. Ukiutoa mkono kabla ya tano, usiondoke hapo: ngoja lipoe, tazama oili, safisha lile tundu dogo la juu kwa waya. Na kama una mwenzako, mwache yeye apime, wewe chuchumaa upande wa pili umtazame.